Volimu ya Gari la Mama Venansia

Masta Amisi alizikwa Ijumaa, nami nilifika Kindu Jumapili, siku ya tatu ya kilio, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Kalima na pikipiki iliyonibeba ililala njiani. Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai, wanaume upande wa barabara, wanawake upande wa jiko, na harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikitoka kwenye masufuria mawili makubwa. Watu wengi sikuwafahamu. Kijana mmoja aliniuliza kama mimi ni ndugu wa marehemu, nikamjibu kwamba tulifanya kazi pamoja wakati wa vita. Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kazi gani, kisha akaniletea kiti. Mjane alipopata nafasi alinishika mkono, akaniingiza chumbani, akatoa chini ya kitanda kopo la maziwa ya unga lililoanza kutu. Alisema mumewe aliliacha kwa ajili ya fundi wa redio, na kwamba katika wiki ya mwisho alimkumbusha yeye mkewe mara mbili. Ndani kulikuwa na skrubu, kipande cha waya, na volimu ya redio, ile ya kupandishia na kushushia sauti, imeshika vumbi la mafuta. Waya zake zilikuwa zimekatwa kwa meno. Nilizitambua, kwa kuwa meno yalikuwa yangu.

Ya ukoo wangu niyaache. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikuwa nimekomea darasa la sita, na nilikuwa natengeneza redio kwenye kibaraza cha garaji ya Masta Amisi. Treni ilikuwa imekoma, na mashua hazikupanda tena mto. Chumvi iliuzwa kwa kijiko, sabuni kwa vipande vya ukubwa wa kidole, na kilichofika mjini kilifika kwa ndege ndogo au kwa baiskeli zilizosukumwa siku nyingi porini. Redio ndiyo iliyokuwa mali ya kila nyumba, kwa kuwa kila mtu alitaka kujua nani ameshika mji gani, kwa hiyo kazi sikukosa. Nilichokosa ni maneno. Wateja walizungumza na Masta, yeye akazungumza na mimi, na mimi nikazungumza na redio. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, na alizoea kuwaambia watu kwamba fundi wake hajanyamaza, anasubiri tu stesheni yake ishike.

Gari lilikuwa la Mama Venansia, mjane aliyekuwa mkunga wa maternite, kituo cha wazazi cha mtaani. Mumewe alilinunua kabla ya vita, dogo, jeupe, usukani kulia, likaja kwa treni ya mwisho-mwisho. Lilipoanza kukohoa lilisukumwa hadi kwenye garaji na vijana wanne. Masta alikuwa mtaalamu wa injini za zamani, zile zenye kabureta, ambazo fundi husikiliza, akageuza skrubu, akasikiliza tena. Hili halikuwa na kabureta. Lilikuwa na kompyuta, na Masta alilitaja neno hilo kwa heshima na kwa chuki. Alifuata bomba la hewa kwa mkono tangu kwenye kichujio hadi alipokuta kisanduku kilichofungwa kwa kifuniko cheusi kilichogundishwa. Alijua jina lake kwa Kifaransa, debimetre, lakini hakuwahi kuona ndani. Alinyanyua kichwa, akaniita.

Nilitia kisu makaani kwenye mbabula niliyokuwa napashia chuma changu cha kulehemia, nikakata ile gundi polepole kuzunguka kifuniko. Nakumbuka kwamba Mama Venansia alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula wali baridi na samaki kwenye sahani ya bati, na kwamba aliacha kutafuna. Ndani kulikuwa na mkono mdogo wa shaba uliokuwa ukisugua utepe mweusi, na chini yake springi yenye gurudumu la meno kama la saa. Nilikitambua mara moja. Ilikuwa volimu. Katika redio kidole cha mtu ndicho kinachoizungusha. Hapa ilizungushwa na upepo. Injini ikivuta hewa, kilango ndani ya bomba kinafunguka, ule mkono unasogea, na waya unapeleka habari kwa kompyuta: hewa imekuwa nyingi, ongeza esanse, yaani petroli; hewa imepungua, punguza. Utepe ulikuwa umelika pale mkono ulipopita miaka yote, ndiyo maana habari ilifika vipandevipande. Nilieleza hayo kwa maneno labda kumi. Masta aliyarudia kwa Mama Venansia kwa maneno mia mbili, akiongeza upepo, Mungu na akili za Wajapani.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Niliukunja ule mkono wa shaba kiasi cha unene wa ukucha ili usugue pembeni, mahali ambapo utepe ulikuwa bado mzima. Gari liliwaka. Kisha Masta akaligeuza lile gurudumu la springi, jino moja, akasikiliza, jino la pili, akasikiliza, kwa sababu esanse ya siku zile ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa na ilihitaji kipimo chake. Kufikia adhuhuri injini ilikuwa inanguruma sawasawa. Mama Venansia hakucheka. Alisema, "Sasa watakuja kuibeba." Sote tulijua anasema akina nani. Watu wenye bunduki walikuwa wamekwisha kuchukua kila gari zima la mtaa ule, na yeye hakulitaka gari kwa matembezi. Kutoka kwetu hadi hospitali kuu ni mbali kwa mwanamke ambaye mtoto amekwama tumboni, na mwaka huo alikuwa amewazika wawili waliobebwa kwa baiskeli.

Masta alikitazama kile kisanduku kilichokuwa bado wazi. Halafu aliniuliza kama, ikiwa upepo unaweza kupandisha sauti, mtu naye hawezi kuipandisha kwa mkono. Nilisema anaweza. Mama Venansia alileta redio ya mbao ya marehemu mumewe, iliyokuwa imekufa. Niliing'oa volimu yake, nikaikatiza katikati ya waya uendao kwa kompyuta, nikaificha nyuma ya kisahani cha majivu ya sigara. Ikiwa upande wa kushoto kabisa, gari lilikuwa zima. Ukiizungusha kulia hadi mwisho, kompyuta inadanganywa kwamba hewa imejaa, inamwaga esanse ovyo, na gari linatoa moshi mweusi, linakohoa, linatembea mwendo wa mbuzi. Tulijaribu mara tatu. Masta alisema watu watakaojua ni watatu, sisi tuliokuwepo, na hata mke wake hatamwambia. Hakumwambia, kama nilivyoona Jumapili ile, maana mjane alinipa lile kopo bila kujua ni kitu gani.

Afande wa wale wenye bunduki alikuja wiki ileile, pamoja na dereva wake, kijana mrefu aliyevaa buti za mpira. Volimu ilikuwa kulia. Dereva alilipeleka gari hatua kama arobaini, hadi mbele ya wanawake waliokuwa wanatwanga sombe, moshi ukawafunika wakaanza kumtukana mama yake. Alirudi kwa miguu.

"Mama, hii gari yako inakufa," afande alisema.

"Nilikwisha kumulilia bwana yangu, afande. Na gari nitaililia."

Masta aliingilia, akamwomba kwa unyenyekevu mkubwa alete kompyuta mpya kwa ndege, hata ya kutumika, yeye atalifufua bure. Afande alichukua gurudumu la akiba, akaondoka. Walirudi mara mbili tena, na mara zote mbili dereva alitema mate tu, bila kuingia. Watoto wa mtaa walilipa gari jina, Marehemu. Walilitungia wimbo wa kulizika, wakaliimba wakilizunguka huku wamebeba jani la mgomba kama jeneza. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walimtania Mama Venansia: je, Marehemu amekunywa leo? Amelala salama? Yeye aliwajibu kwamba Marehemu anasubiri arobaini. Masta aliufurahia sana wimbo ule. Jioni alipokuwa anaosha mikono kwa majivu alisema kwamba watoto wakisadiki, afande atasadiki, na nakumbuka niliona ni maneno ya akili.

Tulilitumia mara tatu. Kila mara mwanamke alikuwa wa mbali, upande wa uwanja wa ndege, aliyeitiwa Mama Venansia na jamaa zake. Tulitoka mtaani na volimu kulia, tukikohoa, na watu wakicheka kwamba Masta anapoteza muda. Tukifika kwenye kona, ambako hakuna nyumba, mimi niliyekaa mbele niliirudisha kushoto na gari likapata roho. Kurudi hivyohivyo. Wanawake wale watatu walijifungua wakiwa hai na watoto wao hai. Wao na jamaa zao waliombwa wanyamaze, wakanyamaza. Siwezi kueleza ilivyokuwa kwangu, mtu ambaye hakusema, kukaa kiti cha mbele na mkono kwenye ile volimu. Niliona kwamba nimesema jambo, na kwa sauti.

Lakini volimu ilikuwa ya zamani. Katika redio, volimu iliyochoka hujitangaza: unaizungusha, inakwaruza, na mwenye nyumba anakuletea akiwa amekasirika. Katika gari haina mahali pa kukwaruzia. Safari ya tatu, nilipoirudisha kushoto, injini ilisita kidogo, kama mtu anayejikwaa bila kuanguka, kisha ikaendelea. Masta alikuwa anasimulia jambo, hakusikia. Mimi nilisikia. Nilijua kabisa maana yake: utepe wa ndani ulikuwa umeliwa, joto la injini na vumbi vinaumaliza, na siku moja nitaizungusha kushoto gari libaki linakohoa. Nilitakiwa kusema sentensi moja. Siku iliyofuata nilifika garaji na sentensi yangu mdomoni. Masta alikuwa na wateja, wanacheka, wamekaa hadi kwenye kiti changu. Nikangoja wamalize. Walipomaliza aliitwa na mtu mwingine. Kesho yake ilinyesha. Baada ya siku nne sentensi ilikuwa imezeeka, nikaogopa ataniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikajiambia kwamba nitatafuta volimu nyingine kwanza, halafu nitasema nikiwa nayo mkononi.

Feza alikuwa jirani, malango matatu kutoka kwetu. Alikuwa na watoto wawili, na aliuza mikate ya mchele asubuhi kwenye beseni la bluu. Alikuwa ananipa wa bure kwa kuwa nilimtengenezea redio ya mumewe, na mimba yake tulikuwa tumeiona ikikua kutoka kwenye kibaraza. Siku ile Mama Venansia alitoka kazini saa kumi za jioni, akapita karibu na kwa Feza, akasikia anaugua, akaingia. Haukupita muda akamtuma mtoto kwetu mbio. Masta aliacha soksi zake juani. Tulimweka Feza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkunga, tukatoka tukikohoa kama kawaida, na watoto wakatukimbilia wakiimba wimbo wa mazishi hadi Mama Venansia alipotoa kichwa dirishani na kuwafukuza kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Kwenye kona nilirudisha volimu kushoto. Gari halikubadilika. Niliizungusha tena, kulia, kushoto, moshi ukawa uleule, tukafika kwenye njia ya reli tukasimama.

Nilisema, "Ni volimu." Yalikuwa maneno yangu ya kwanza siku ile. Niliing'oa nyuma ya kisahani, nikakata waya kwa meno, nikazichuna, nikazisokota pamoja ili habari ipite moja kwa moja bila kudanganywa. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho. Halafu ilibidi kungoja, kwa sababu injini ilikuwa imezama kwenye esanse na plagi zimelowa. Masta alizitoa moja moja, akazipangusa kwa shati lake, akazirudisha. Nyuma yetu Mama Venansia alikuwa anaongea polepole, neno lilelile, vuta pumzi, vuta pumzi. Ulipita muda wa kupika chai. Baadaye niliufanya kuwa dakika ishirini, na nimekuwa naziita hivyo miaka yote. Gari lilipowaka Masta alisema tu, "Imewaka." Hospitalini walimtoa mtoto. Alikuwa wa kiume, amekufa. Feza alipona baada ya wiki tatu. Masta hakuwahi kuniuliza nilijuaje kwamba ni volimu kabla hata ya kufungua kifuniko cha injini. Nilingoja aulize, hakuuliza. Wiki iliyofuata watu wenye bunduki walilisikia gari likinguruma vizuri, wakalichukua. Njia ya Kalima ilipofunguka nilikwenda huko na chuma changu cha kulehemia, nikabaki.

Sasa nilikuwa nimekaa chini ya turubai la kilio chake na kopo mapajani. Nilielewa kwamba Masta aliokota ile volimu sakafuni mwa gari na akaitunza, na fundi yeyote akiizungusha mara moja tu kidoleni anajua kwamba haikufa siku moja. Kwa hiyo alijua kwamba nilijua. Alijua hayo maisha yake yote, akaninyamazia, yeye mwenye sauti ile. Nilikuwa bado nalipima hilo moyoni wakati mwanamke mnene, mwenye mvi pembeni, aliponiletea sahani ya wali na sombe, akanitazama, akakaa kwenye kiti cha jirani bila kuombwa.

"Mwamini. Weye njo uliyekuwa unatengeneza maredio."

Alikuwa Feza, na jina langu alikuwa hajalisahau. Tuliulizana habari za watoto. Alipata wengine wawili baadaye, mmoja yuko Kailo, ni mwalimu. Aliniambia nile, wali unapoa. Sikula. Nilikuwa nimeibeba sentensi moja kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuona wateja wowote wa kungojea.

"Feza, ile siku gari ilisimama kwenye reli. Ilikuwa makosa yangu. Nilijua kuko kitu kitaharibika, sikusema."

Alifikiri. "Gari ilisimama?"

Nikasema ilisimama, dakika ishirini.

"Miye sikumbuki hiyo," alisema. "Nakumbuka watoto walikuwa wanaimba." Alikunja kitambaa alichoshikia sufuria, akakikunjua. "Lakini si gari, Mwamini. Mukunga wa hospitali aliniambia, mutoto alikuwa amekwisha kufa tangu asubuhi. Maumivu ilianza mbele ya jua kutoka. Mama mukwe alitaka kumutuma mutu kwa Mama Venansia kule kazini. Miye njo nilikataa. Nikasema, tumuite afanye nini? Gari yake iko Marehemu. Tutamupa haya bure. Tungoje baiskeli ya shemeji. Shemeji alikuwa Kailo na baiskeli."

Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Nilitazama sombe kwenye sahani, mafuta ya mawese yanaanza kuganda ukingoni. Nilikuwa nimeziweka zile dakika ishirini mbele yangu kila siku, nimezipima, nimezijua zote. Saa zilizotangulia, tangu alfajiri hadi saa kumi, ambazo gari zima lilikuwa limesimama malango matatu kutoka kitandani pake, sikuwahi kuzifikiria hata mara moja. Tuliwadanganya wenye bunduki vizuri. Hatukuwa na namna ya kuwadanganya wao peke yao.

Ningeweza kunyamaza tena. Ingekuwa rahisi, na Feza alikuwa ameanza kuinuka kwenda kugawa chakula.

"Haikukuwa mugonjwa," nilisema. "Gari. Haikukuwa mugonjwa hata siku moja. Tuliifanya ikohoe, juu ya afande, asiibebe."

Alikaa tena. Aliuliza nani alijua. Nilimwambia mtaani ni watu watatu tu, na kwamba wawili wamekwisha kufa. Upande wa wanaume mtu alikuwa anasimulia jinsi Masta alivyowahi kumwomba afande kompyuta, na watu walicheka, vile wanavyocheka kwenye kilio siku ya tatu.

"Watoto wangu waliimba ile wimbo," alisema mwishowe. "Wote wawili. Miye niliwapigia makofi."

Nilifungua kopo, nikaitoa volimu, nikampa. Aliuliza kwa macho tu. Nikamwambia njo hii iliyolifanya gari likohoe. Aliigeuza kiganjani, ndogo kuliko kizibo cha chupa, akaishika kwa vidole viwili akaizungusha kulia hadi ikagota, kisha kushoto hadi ikagota, taratibu, na mara ya pili tena. Kati ya vidole vyake ilikwaruza, na niliisikia waziwazi. Halafu akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akakaza fundo kwa meno, akaniambia nile, akarudi kwenye masufuria.